Mbwa wa Ami Seif

Siku ya hitma ya ami yangu Seif, wanawake tulikaa chumba cha ndani cha fleti ya binti yake huko Michenzani, magoti yakigusana, na sahani za boko boko zikipita juu ya vichwa vyetu kutoka jikoni. Mwanamke mmoja nisiyemjua, aliyekaa karibu na dirisha, alikuwa akimweleza mwenzake habari za marehemu: kwamba alizaliwa katika nyumba kubwa ya Mji Mkongwe, kwamba alihamishiwa hapa Michenzani macho yalipomwishia, na kwamba aliwahi kufuga mbwa. "Mbwa?" aliuliza mwenzake, mkono ukisimama baina ya sahani na mdomo. "Mbwa hasa. Tena mkali. Alimuuma maalim wa chuo, wakamuua, ndo watoto wakamleta mzee huku." "Na sala zake je, na mbwa ndani?" "Hayo muulize Mola wake, usiniulize mie." Wakacheka kidogo, kwa adabu ya msibani, wakaendelea kula. Nilirudia maneno yale kichwani, kama ilivyo desturi yangu mbaya, nikiyapima moja moja, na nikaona kwamba kila alilolisema lilikuwa kweli isipokuwa neno moja. Yule mbwa hakuwa mkali. Alikuwa mwoga. Tofauti ya maneno hayo mawili ndiyo ninayoifundisha mpaka leo kwa wanafunzi wanaotaka kufanya kazi na mbwa, na mwaka mzima wa ujana wangu ulikwenda katika kujaribu kuithibitisha mbele ya uchochoro mmoja. Sikumsahihisha yule mwanamke. Mbele ya boko boko la hitma hakuna nafasi ya maelezo marefu kiasi hicho, na maelezo mafupi sina.

Mwaka ule nilikuwa mwanafunzi wa shahada ya uzamili katika chuo kimoja cha bara, nikisomea tabia za wanyama, na nilirudi Unguja nikiwa nimeharibika. Katika banda la utafiti, mbwa niliyedhani nimemzoea aliukamata mkono wangu wa kulia, na alipouachia, vidole viwili vya mwisho vilikuwa vimekufa ganzi. Vidonda vilipona. Kilichobaki ni mtetemo uliokuja bila kuitwa: mlango ukibamizwa, kikombe kikianguka, mtu akitia mkono mfukoni kwa haraka, mkono wangu ulijua kabla yangu. Msimamizi wangu alinishauri nibadilishe mada. Nilibadilisha mahali tu. Niliomba kuwachunguza mbwa wa pwani ya Nungwi, kwa mbali, kwa darubini. Mpango ule ulikubaliwa kuwa wa kitaaluma, nami sikuona haja ya kueleza zaidi. Malazi niliyapata kwa Ami Seif, aliyekuwa peke yake katika nyumba ya ghorofa mbili yenye vyumba vingi vilivyofungwa. Chumba changu kilikuwa na dari ya boriti za mikoko na kuta zilizokuwa zikimwaga chokaa, hata kila asubuhi nilikung'uta unga mweupe kwenye mto. Chake kilikuwa chini yangu, na kiti chake kilikuwa kwenye ukumbi, mahali ambapo mtu akikaa husikia kila kinachoingia kwa mlango mkubwa.

Na mlangoni ndipo alipokuwa Samli. Nyumba zile za zamani zina daka, kile chumba chembamba cha kuingilia baina ya mlango wa nje na uwanja wa ndani, na katika kona ya daka, juu ya gunia, alilala mbwa wa rangi ya samli iliyoganda, masikio yamelala nyuma. Siku yangu ya kwanza Bi Mize, mwanamke wa Makunduchi aliyekuwa akimpikia Ami, alinikuta nimesimama kizingitini na mkoba wangu.

"Pita ubavu, usimtazame," aliniambia kutoka juu ya ngazi, upawa mkononi. "Huyo ndo Samli. Mzungu aliyepanga vyumba vya chini alipoondoka kaacha magodoro na mbwa. Magodoro tumegawa."

"Na mbwa?"

"Nani anamtaka? Ami yako kasema yupo kwa ulinzi. Ulinzi wenyewe anajilinda yeye. Mtazame, hana hata adabu, anampigia mgeni miayo."

Nilimtazama kwa pembe ya jicho. Alipiga miayo, akalamba pua yake, akageuza kichwa ukutani huku jicho likibaki kwangu, weupe wake umeonekana. Bi Mize aliona mbwa mwenye usingizi. Mimi nilimwona kiumbe anayeniomba, kwa kila neno la heshima ambalo mbwa analo, nisisogee. Ndani ya buibui mkono wangu wa kulia ulikuwa ukitikisika. Tulipishana hivyo, kila mmoja ameshikilia ukuta wake, na usiku ule Bi Mize akaniambia lililobaki. Samli aliokotwa na yule mpangaji huko Nungwi akiwa kishakomaa kwa kupigwa mawe. Kisha mlinzi wa mpangaji, kwa kuona aibu mbwa kunguruma mbele ya wageni, alimpiga kila aliponguruma mpaka akaacha. Watu walidhani ametulia. Alichokifanya mlinzi ni kumnyang'anya onyo. Mbwa anayenguruma anakwambia simama hapo. Mbwa aliyepigwa kwa kunguruma hana la kusema kabla ya meno.

Ami Seif hakumgusa hata mara moja. Alikuwa mtu wa udhu wa kudumu, na pua ya mbwa ni mbichi; ikimgusa mtu, mahali pale huoshwa mara saba, mojawapo kwa udongo. Hata hivyo walikuwa na mazungumzo yao. Ukungu ulikuwa umetanda machoni mwa Ami kiasi kwamba mtu aliyesimama mlangoni alikuwa kwake kivuli tu, na humo ndani wezi walikwisha kuingia akiwa amekaa kwenye kiti chake, wakamsalimia, akawaitikia. Tangu hapo, mlango ukisikika, aliuliza kwa sauti ya kawaida, "Samli, nani huyo?" Kucha za mbwa zikigonga sakafu ya mawe polepole, alikuwa mtu wa nyumba. Zikikwaruza kwa pamoja na kunyamaza ghafla, alikuwa mgeni. Ami alikuwa akiona kwa kucha zile. Nililielewa hilo kabla ya binti yake Salma, kwa sababu Salma alipokuja kucha ziligonga polepole siku zote.

Salma alikuja kila Ijumaa kutoka Michenzani na samaki wa changu wa kukaanga na mkate wa ufuta uliofungwa kwa kitambaa. Ijumaa moja, nikiwa juu nimeacha mlango wazi kwa ajili ya upepo, niliwasikia.

"Baba, sheha wa mtaa kanipigia simu mie, hakukupigia wewe. Muuza samaki kaumwa, kanzu za watu zimechanwa. Kasema akiuma tena wanakuja na bunduki."

"Muuza samaki alimkanyaga mkia."

"Hakumkanyaga. Alipita."

"Uchochoro wenyewe upana wa mkeka. Alitaka apite wapi?"

"Ndo nnakwambia. Mwakani Rahma anarudi chuoni. Huyo mbwa akiondoka, na wewe unakuja kwangu. Sikuachi humu peke yako na macho hayo."

"Na akikaa bila ya kuuma mtu?"

Nilisikia kisu cha Salma kikikata mkate. "Akikaa bila ya kuuma, kaa. Nshasema."

Alipoondoka Ami aliniita, "Rahma," nikaitika "Naam", nikashuka. Alikuwa ameushika ufuta uliodondoka akiukusanya kwa ncha ya kidole. "Umesikia," alisema, wala hakuuliza. "Huko bara unasomea nini vile?"

"Tabia za wanyama, Ami."

"Basi msome huyu. Mie nilizaliwa chumba kile pale. Sitaki kufia ghorofani kwa watu, hata kama watu wenyewe ni wanangu."

Siku za Nungwi nilikaa kwa mbali, darubini yangu mkononi, nikatazama mbwa wa pwani na watu wao. Jambo la kwanza nililoliandika ni kwamba mbwa wale hawakuwa wakikimbia mawe. Walikimbia kuinama. Mtu akiinamisha mgongo na kushusha mkono kuelekea mchangani, hata kama mchanga mtupu, mbwa wote wa upande ule walikwisha kuwa mbali. Watoto walilijua, wakalifanya mchezo. Jambo la pili nililiona Mji Mkongwe, kutoka dirisha la chumba changu, na ilinichukua wiki nyingi kuliona kwa sababu nilikuwa nimelizoea tangu utotoni. Mtu anatoka kwake na udhu wake, miguu bado ina majimaji, anakwenda msikitini. Mbele ya mlango wa Ami Seif anamwona mbwa. Hana nia mbaya, wala hafikirii jiwe. Anafanya alichofundishwa na mama yake: anainama kidogo, anakamata pindo la kanzu, analikusanya kwenye ngumi, ili pua ya mbwa isije ikaigusa nguo ya sala. Wanawake wanafanya vilevile na buibui. Ni ishara ya tohara, na haimtukani mtu yeyote. Lakini Samli aliletwa mjini kutoka Nungwi, na macho yake yalimwona mtu anayemkodolea, anainama, anashusha mkono, na mkono unapanda na ngumi iliyofumbata kitu. Nungwi angekimbia. Hapa kuna ukuta kulia, ukuta kushoto, na nyuma yake mlango. Njia pekee iliyobaki ilikuwa mbele, kwenye ule mkono. Watalii, wasiojua najisi wala udhu, walipita wamejiachia na hawakuguswa, na kwa hiyo uchochoro mzima uliamini kwamba Samli ni mbwa wa Kizungu anayewachukia Waislamu. Muuza kahawa wa pembeni alikuwa akiwaambia wateja wake: "Mtu akipita salama hapo, muulizeni shahada."

Niliyasema hayo kwa Ami wakati wa chakula cha mchana, juu ya ndizi mbichi za nazi, kwa urefu na kwa mpangilio, mpaka ndizi zikapoa. Alinisikiliza akitafuna. "Kwa hiyo kinachomuudhi ni tohara yetu," alisema mwishowe.

"Kinachomtisha, Ami."

"Haya, kinachomtisha. Utamwambia nani ende na udhu wake aiache nguo yake mbele ya mbwa?"

"Mimi siwezi."

"Huwezi. Mwite Maalim Haji."

Maalim Haji alikuwa na chuo cha Kurani mwisho wa uchochoro, chumba kimoja cha chini chenye mikeka na watoto wengi kuliko mikeka. Alikuja alasiri, akakaa kwenye baraza ya nje na kikombe cha kahawa, akaniuliza maswali kama anayemsikiliza mtoto hifadhi yake. Pua ya mbwa itakuwa wapi? Ndani ya kifungo cha mdomo, nilisema, na mbwa mwenyewe ndani ya daka, kwenye kamba fupi. Nani atamshika? Mimi. Na watu wanatakiwa wampende? La, hasha, wasimtazame usoni, wapite upande wa pili, na mikono isishuke.

"Kikavu kwa kikavu hakinajisi," alisema Maalim. "Hilo watoto wangu wanalijua. Mvua haipo, mbwa mkavu, kanzu kavu, na mbwa mwenyewe hafiki. Kwa hiyo unachotaka ni watu wasimwinamie mbwa."

"Ni hicho tu, Maalim."

"Basi katika dini hilo halina mgogoro kabisa." Akamaliza kahawa yake kwa uso mkavu, na nilihitaji muda kufahamu kwamba amefanya mzaha. Siku ya pili aliwaambia watoto, watoto wakawaambia mama zao, na yeye mwenyewe akaanza kupita mlangoni petu kila alasiri, mikono nyuma ya mgongo, taratibu, kama mtu anayetafuta aya aliyoisahau.

Kazi yenyewe ilikuwa ya kuchosha na isiyo na cha kusimulia, na labda ndiyo maana nakumbuka kila sehemu yake. Nilikaa kwenye kigoda ndani ya daka na bakuli la maini yaliyochemshwa na kukatwa vipande vidogo kama mbegu za tango. Mtu alipojitokeza kwenye kona ya mbali, Samli akamwona lakini mwili wake ukiwa bado haujakakamaa, ini lilikuja. Mtu alipopita na kutoweka, ini lilikoma. Mtu kwanza, kisha ini, si kinyume chake. Mbwa ni wepesi wa kujua kipi kinatangulia kipi. Akikakamaa, maana yake nilimleta karibu mno, na tulirudi ndani zaidi kwenye giza la daka bila ya kumkemea. Vijana wa kahawani walinipa cheo. "Daktari wa mbwa, mgonjwa kaamkaje?" "Kaamka salama, anakusalimu." "Muulize lini ataswali." Bi Mize, aliyeyachemsha yale maini katika sufuria aliyoitenga, alilalamika kwamba mwezi mzima hajaonja ini na mbwa anakula kwa ratiba. Lakini ni yeye aliyekuwa wa kwanza kupita mbele yake na kanga imeachiwa mpaka kwenye vifundo, akisoma dua kwa sauti, macho mbele.

Ilibidi pia Samli aguswe, kwa ajili ya kifungo cha mdomo na kwa ajili ya masikio yaliyokuwa na vidonda. Nilimfundisha kuweka kidevu chake kwenye kiganja changu. Nilikitandaza kiganja na kungoja. Akikiweka kidevu, niliendelea na kazi. Akikiinua, niliacha hapo hapo, hata kama nilikuwa na pamba ya dawa mkononi. Hayo ndiyo yalikuwa makubaliano, na sikuyavunja. Zilikuwapo siku ambazo gari lilipiga honi barabarani au Bi Mize aliangusha kifuniko, na mkono wangu ukaanza mambo yake. Samli aliinua kichwa, akaenda zake kwenye gunia. "Leo kakataa?" Ami aliuliza kutoka kwenye kiti chake. "Leo mkono wangu ndio uliokataa, Ami." Nimefanya kazi na mbwa wengi tangu wakati huo, na bado sijui kama mwaka ule nilimtibu Samli woga wake au tulikuwa tu tumekubaliana kuogopa kwa zamu.

Kiangazi cha mwisho wa mwaka ule uchochoro ulibadilika. Maalim alipopita, Samli alimtazama kisha akageuka kunitazama mimi, akingoja ini, na katika kazi yangu hakuna kitu kizuri kuliko shingo ile inayogeuka. Ami Seif alitoa kiti chake nje, akakaa barazani alasiri nzima, jambo ambalo alikuwa ameliacha tangu macho yaanze. Watu walisimama kumwamkia, "Shikamoo, Bwana Seif," naye "Marahaba," na kuuliza habari za watoto wao kwa majina, akizitambua sauti. Salma alikuja Ijumaa moja akamkuta hapo. Alisimama, akaangalia mbwa ndani ya daka, akaangalia watu wanavyopita. Aliacha mkate mapajani mwa baba yake akaenda zake, na Ami alitabasamu mpaka magharibi.

Masika yalikuja kwa mvua iliyoanza alfajiri na haikupungua. Nilifungua dirisha kutazama uchochoro, maji yakienda kwa kasi juu ya vifundo vya miguu, na nikaona jambo ambalo hakuna maalim angeweza kulitolea fatwa. Watu wote, mmoja baada ya mwingine, walikuwa wameinama na kukusanya mapindo yao. Hakuna aliyemfikiria mbwa. Walikuwa wanavuka maji. Mikono yote ya mtaa ilikuwa imeshuka kwa pamoja, na kazi ya miezi yote ile haikuwa na jibu la mvua. Niliteremka nikamwambia Ami kwamba Samli hatoki wala hafunguliwi mlango mpaka mvua ziishe. "Masika yote?" "Masika yote, Ami." Alikubali. Lakini mlango ule wa mbao za msaji ulikuwa umenywa maji ukavimba, komeo halikufikia tundu lake. Fundi aliitwa. Alipapasa mbao akasema mti ulioloa hauchongwi, tungoje jua. Tukaufunga kwa kamba.

Asubuhi ya tukio, maji yalikuwa yameingia chuoni kwa Maalim Haji. Alikusanya misahafu yote katika shuka, akaitweka begani, akaja nayo mbio kwetu kwa sababu ghorofa yetu ndiyo iliyokuwa karibu, tena kavu. Mkono mmoja ulishikilia mzigo. Wa pili ulikuwa umekamata pindo la kanzu ili avuke kizingiti kilichojaa maji. Alipiga hodi mara moja, akausukuma mlango kwa bega. Kamba, iliyokwisha kuloa, ililegea. Samli alikuwa ndani ya daka kwa kuukimbia uwanja uliokuwa ukinyeshewa, bila ya kifungo mdomoni, nyumbani kwake. Nilikuwa juu ya ngazi. Nilimwona mtu ameinama kwenye mwanga wa mlango na mkono uko chini, na nilijua, kwa mwili wangu wote, alichokiona yule mbwa. Hakukuwa na kunguruma. Alimkamata mkono wa pindo, akaung'ang'ania. Maalim hakupiga kelele wala hakuuangusha mzigo. Aliuinua juu zaidi, juu ya kichwa, na akabaki hivyo, mkono mmoja unatoka damu na mwingine umeibeba misahafu, mpaka nilipofika.

Niliuosha mkono wake kwa sabuni na maji ya bomba kwa muda mrefu, kama inavyotakiwa kabla ya kwenda hospitali kuchomwa sindano. "Imelowa?" aliniuliza. Nilidhani anauliza bendeji. "Misahafu," alisema. "Haikulowa, Maalim." "Alhamdulillahi." Akafumba macho. Juu ya karo la kunawia nikakaza fundo la bendeji.

Sheha alikuja na Salma, wakakaa ukumbini na chai ambayo hakuna aliyeinywa. Maalim naye aliitwa, mkono umefungwa mpaka kiwikoni.

"Bwana Seif, mie sikuja kugombana," alisema sheha.

"Najua."

"Mimi nshamsamehe," alisema Maalim. "Mlango ulikuwa wake, nimeingia mimi. Msinifanye mie ndo sababu."

"Na watoto wa chuo, Maalim? Nao wanapita hapa. Nao umewasamehea?" aliuliza sheha.

Maalim aliutazama mkono wake. "Hao siwezi kuwasamehea," alisema.

Nilitafuta njia nyingine isiyo ya kumuua Samli, na nilizitafuta kwa utaratibu. Nungwi ilikuwa ndiko kwenye mawe. Kupelekwa bara, mbwa aliyeuma hapewi ruhusa ya kusafiri. Nilimuuliza Bi Mize kama kaka yake wa Makunduchi angemweka shambani. "Mwanangu, sikudanganyi," alisema akiwa anapekecha mchuzi bila ya kugeuka. "Huko atakufa vilevile, ila atachelewa na atapigwa." Daktari wa mifugo alitaka kwanza mbwa awekwe chini ya uangalizi, ijulikane kama ana kichaa cha mbwa, kwa usalama wa Maalim. Kwa hiyo tulimtunza. Nilimtazama kila siku akila, akinywa, akimeza, akiitikia jina lake, na kila dalili njema niliyoiona ilikuwa inamsogeza mbele. Tulikuwa tukingoja athibitike kuwa mzima ndipo auawe. Ami alikuwa na sharti moja tu. "Bunduki isiingie uchochoroni kwangu. Aje daktari na sindano."

Daktari alikuja siku ambayo jua lilikuwa limetoka, karibu na adhuhuri. Alikuwa kijana mpole, alisimama mbali bila ya kuambiwa. Dawa ya kumlegeza tuliyoificha kwenye ini, Samli aliitema, ini akalimeza. Ilibidi atulie mwenyewe. Nilikaa sakafuni penye daka, nikatandaza kiganja. Alikuja akaweka kidevu. Daktari akapiga hatua moja, mkono wangu ukaanza, Samli akainua kichwa. Nilingoja, nikajaribu tena. Aliinua tena. Kutoka ndani tulisikia Salma akiburuta sanduku la baba yake.

"Kafanya nini?" aliuliza Ami kutoka kwenye kiti.

"Kakataa, Ami."

"Mkono wako?"

"Naam. Mkono wangu."

Aliinuka. Alikuwa amekwisha kutia udhu kwa ajili ya adhuhuri, mikono ya kanzu bado imekunjwa. Alikuja akipapasa ukuta, akajishusha sakafuni kidogo kidogo, kwa uchungu wa magoti, mpaka akakaa pale nilipokuwa nimekaa. "Unaweka vipi?"

"Kiganja juu, Ami. Usiusogeze. Atakuja mwenyewe."

Aliutandaza mkono wake juu ya goti. Haukutikisika hata kidogo. Samli aliunusa, vidole, kiganja, ndani ya kifundo cha mkono, kwa muda ambao niliuona hauna mwisho, kwa sababu mkono ule hakuwahi kuukaribia. Kisha akaweka kidevu chake juu yake akashusha pumzi. Daktari alifanya kazi yake kwenye mguu wa nyuma. Ami hakugeuza uso.

"Kazidi uzito," alisema.

"Naam, Ami."

"Kalala?"

"Kalala."

Daktari alimchukua ndani ya lile gunia alilokuwa akilalia mbwa, akaaga kwa sauti ya chini. Adhana zilianza, msikiti huu kisha ule, na Ami alikuwa bado amekaa, kiganja kimebaki wazi juu ya goti na mate ya mbwa yaking'aa juu yake. Baada ya adhana ya mwisho aliniambia nimletee udongo. Nilichimbua konzi kwenye kopo la mrehani lililokuwa uwanjani, nikamshika kiwiko mpaka kwenye karo, nikamtilia udongo kiganjani pamoja na maji. Alisugua baina ya vidole, juu ya mkono, chini ya kucha. Kisha nikamtilia maji matupu, polepole kama alivyotaka, naye akihesabu kimoyomoyo, midomo ikienda. Ilipofika saba nilisimamisha kopo la maji. Mkono wake ulibaki pale pale juu ya karo, umenyooka, maji yakichuruzika kiwikoni.

"Zimetimia, Ami."

"Najua," alisema. "Tia."